Sheria ya mtoto haikai ndani ya Sheria ya Mtoto

Mwalimu wa sekondari, mtendaji wa kata, muuguzi wa zahanati na mzazi wanaweza kuketi kwenye benchi moja wakizungumza juu ya msichana yuleyule wa miaka 16, kila mmoja akiwa ameshika andiko halali la Tanzania Bara, na bado wakaachana bila kukubaliana kama waliyekuwa wakimzungumzia ni mtoto au mtu mzima. Mwalimu atasema ni mtoto, kwa sababu kifungu cha 4 cha Sheria ya Mtoto kinamhesabu hivyo kila aliye chini ya miaka 18. Mzazi atasema Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu kuolewa baba akiridhia, maana umri iliouweka kwa msichana ni miaka 15. Muuguzi atakumbusha kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2019 msichana huyo anaweza kupima virusi vya UKIMWI kwa ridhaa yake mwenyewe bila mzazi kuitwa, kwa kuwa umri wa kuridhia ulishushwa kutoka miaka 18 hadi 15. Mtendaji, ambaye ana fomu ya kujaza, atamwandika kwenye safu ya vijana, kwa sababu Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inaanza kuuhesabu ujana kwenye miaka 15 na kuufikisha 35.

Katika wanne hao hakuna aliyebuni neno. Kinachowatenganisha ni dhana ambayo wengi wetu tunayo, kwamba sheria ya watoto ni kitabu kimoja chenye jalada, na kwamba kitabu hicho kikibadilishwa tutatangaziwa redioni na kila mtu atajua. Sheria inayomgusa mtoto imetawanyika katika Kanuni ya Adhabu, Sheria ya Elimu, Sheria ya Ndoa, Sheria ya Ushahidi, sheria za kazi na sheria za afya, na mengi ya mabadiliko makubwa ya miaka ya karibuni yametokea humo, nje kabisa ya kitabu chenye jina la mtoto. Anayefuatilia kitabu hicho peke yake atapitwa na mambo mazito zaidi, na hatajua kwamba amepitwa.

Tuanze hata hivyo na kitabu chenyewe. Kabla ya mwaka 2009 mambo ya watoto yalisimamiwa na sheria ya enzi za ukoloni iliyohusu watoto na vijana, ambayo iligawa umri katika mafungu mawili: aliye chini ya miaka 12 aliitwa mtoto, na aliyefikisha 12 lakini hajatimiza 16 aliitwa kijana. Pembeni yake zilikuwapo sheria nyingine ndogo ndogo za kuasili watoto, za matunzo ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, za makao ya watoto na za vituo vya kulelea watoto mchana. Novemba 2009 zote hizo zilifutwa na kuwekwa chini ya paa moja, Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009, iliyorithi hata namba ya sura ya ile ya zamani, Sura ya 13. Mgawanyo wa mtoto na kijana ukaondoka, ukabaki mstari mmoja wa miaka 18.

Hapo ndipo lugha yetu inapotuponza kidogo. Katika Kiswahili cha nyumbani mtoto ni aliyezaliwa na mtu, na mwenye mvi ataitwa mtoto maadamu mama yake yu hai. Katika sheria neno hilohilo linabeba maana mbili, mara umri na mara uzao, na msomaji asiyelitenga ataingia kwenye shauri la mirathi akidhani kwamba mwana wa marehemu mwenye miaka 40 analindwa na Sheria ya Mtoto, au atamnyima haki binti wa miaka 17 kwa kuwa kijijini anaitwa mwari na amekwisha kufundwa. Neno kijana nalo halina mlango wa kuingilia wala wa kutokea unaokubalika kote: aliye kati ya miaka 15 na 17 ni mtoto kwa sheria na kijana kwa sera, kwa wakati mmoja. Sera ikigongana na sheria, sheria ndiyo inayoshinda, lakini sera ndiyo iliyo kwenye fomu, na fomu ndiyo anayokutana nayo mwananchi.

Mabadiliko huingia kwa milango kadhaa, na milango hiyo haina uzito sawa. Mlango unaojulikana ni Bunge. Hata hivyo ni mara chache Bunge huletewa muswada wa kurekebisha Sheria ya Mtoto peke yake. Utaratibu uliozoeleka ni Muswada wa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, kapu ambalo ndani yake utakuta sheria ya madini, ya vyama vya ushirika, ya mawakili, na katikati yake vifungu viwili vinavyobadilisha jinsi mtoto anavyotoa ushahidi au umri wa kupima damu. Mwaka 2024 ulifikishwa Bungeni muswada uliokusanya marekebisho ya sheria zinazohusu ulinzi wa mtoto mahali pamoja, na kwa mfuatiliaji ilikuwa nafuu ya nadra, kwa sababu angalau jina la muswada lilimwambia kilichomo. Kwa kawaida jina halisemi chochote. Msomaji hana budi kufungua madhumuni na sababu zilizochapwa mwishoni mwa muswada na kusoma sehemu baada ya sehemu.

Mlango wa pili ni mahakama, wa tatu ni waziri anayetunga kanuni chini ya sheria au katibu mkuu anayetoa waraka, na wa nne, ambao wengi hawaufikirii, ni urekebu wa sheria, yaani kazi ya kuzichapa upya sheria pamoja na marekebisho yake yote. Kila mlango una kisa chake katika mambo ya watoto, na visa viwili kati ya hivyo vinastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndivyo vinavyochanganya watu zaidi.

Hukumu iliyotolewa na kifungu kilichobaki

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitungwa kuunganisha ndoa za dini, za kimila na za kiserikali chini ya mwavuli mmoja. Kifungu chake cha 13 kiliweka umri wa kuoa kwa mwanamume kuwa miaka 18 na wa kuolewa kwa mwanamke kuwa miaka 15, kisha kikaipa mahakama uwezo wa kuruhusu hata wenye miaka 14 endapo kuna sababu maalumu. Kifungu cha 17 kikataka msichana aliye chini ya miaka 18 apate ridhaa ya baba, au ya mama kama baba amefariki, au ya mlezi. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa taasisi ya Msichana Initiative, alivipinga vifungu hivyo Mahakama Kuu kwa hoja kwamba vinakiuka usawa ulioahidiwa na Katiba. Julai mwaka huohuo Mahakama Kuu ilikubaliana naye, ikavitamka vifungu hivyo kuwa vinakwenda kinyume na Katiba, na ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha ili umri uwe miaka 18 kwa wote. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikata rufaa. Hoja mojawapo ya upande wake ilikuwa kwamba umri mdogo wa msichana uliwekwa kumsitiri anayepata mimba kabla ya kutimiza miaka 18. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani, ambayo juu yake hakuna mahakama nyingine nchini, iliitupa rufaa hiyo.

Magazeti ya wakati ule yaliandika kwamba ndoa za utotoni zimepigwa marufuku, na wasomaji wengi walifunga ukurasa hapo. Lakini miaka mitano baada ya rufaa kutupwa, mtu aliyefungua Sheria ya Ndoa aliikuta bado imeandikwa miaka 15. Serikali kwa nyakati tofauti ilieleza kuwa inakusanya maoni ya wadau, wakiwemo viongozi wa dini, kabla ya kupeleka muswada Bungeni. Je, sheria ni ile iliyoandikwa kitabuni au ile iliyotamkwa na majaji?

Jibu limo katika ibara ya 30(5) ya Katiba, ambayo husomwa mara chache kuliko inavyostahili. Ibara hiyo inaipa mahakama uwezo wa kutoitangua papo hapo sheria iliyo kinyume na haki za msingi na badala yake kuipa Serikali muda wa kuirekebisha, na inasema kwamba katika muda huo sheria itahesabiwa kuwa halali hadi itakaporekebishwa au hadi muda uliowekwa utakapokwisha, kwa kufuata lile litakalotangulia. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Uhalali wa muda ni mkopo wenye tarehe ya kurejeshwa, na ukimaliza tarehe hiyo haujiongezi wenyewe kwa sababu mkopaji amekaa kimya. Kwa usomaji wangu, baada ya rufaa kutupwa na muda kumalizika, vifungu vya 13 na 17 vilibaki kuwa wino usio na nguvu ya kuhalalisha ndoa ya mtoto, ingawa mpiga chapa hakuwa na mamlaka ya kuvifuta. Mkuu wa wilaya anayezuia harusi ya binti wa miaka 15 ana hukumu ya Mahakama ya Rufani mkononi. Mfungisha ndoa anayemwonyesha kitabu ana karatasi tu.

Ugumu unaongezeka kwa sababu sheria nyingine zimejengwa juu ya kifungu hichohicho. Kanuni ya Adhabu, kama ilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inasema kwamba kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ni ubakaji, awe ameridhia au hakuridhia, kisha inaweka mwanya: isipokuwa kama ni mke wa mtu huyo, ana miaka 15 au zaidi, na hawajatengana. Mwanya huo ulikuwa na maana pale tu ndoa ya mwenye miaka 15 ilipokuwa ndoa. Nguzo ikiondolewa chini yake, sioni jinsi mwanya unavyoweza kusimama peke yake, lakini maneno yake yako palepale, na wakili wa utetezi atayasoma kwa sauti mahakamani kwa sababu ndiyo kazi yake.

Mwanafunzi na asiye mwanafunzi

Wakati kesi ya ndoa ikiendelea mahakamani, Bunge lilikuwa limepita njia nyingine. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu iliongezewa kifungu cha 60A, kinachofanya kuwa kosa la jinai kwa mtu yeyote kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na kwa mwanafunzi wa kiume kuoa, adhabu ya kumpa mwanafunzi mimba ikiwa kifungo cha miaka 30. Anayesaidia ndoa hiyo kufanyika naye ana kosa lake.

Angalia kigezo kilichotumika. Kifungu hiki hakiulizi umri. Kinauliza kama mtu huyo ni mwanafunzi. Mwenye miaka 19 aliyechelewa kuanza shule na sasa yuko kidato cha nne analindwa nacho, ilhali mwenye miaka 15 aliyeacha darasa la saba halindwi nacho hata kidogo na inabidi atafutiwe kinga kwingine. Kwa miaka kadhaa, kabla rufaa haijaamuliwa, mabinti wawili waliozaliwa mwezi mmoja katika kitongoji kimoja waliweza kuwa na hatima tofauti kabisa mbele ya sheria, mmoja ndoa yake ikifungwa kwa ridhaa ya baba na mwingine posa yake ikiishia polisi, kwa tofauti ya sare ya shule tu. Ndiyo maana swali la kwanza la afisa ustawi wa jamii anayejua kazi yake huwa ni mambo mawili kwa pamoja, umri na hali: ana miaka mingapi, na yuko wapi, shuleni, kazini, kwenye ndoa au mikononi mwa polisi.

Na kama aliyempa mimba mwanafunzi ni mvulana wa darasani kwake mwenye miaka 16? Anayesoma kifungu cha 60A peke yake atamhesabia miaka 30. Lakini Sheria ya Mtoto inakataza katika kifungu cha 119 mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani, bila kujali sheria nyingine inasema nini, na inamwelekeza kwenye uangalizi au kwenye shule ya maadilisho, ambayo nchini inayojulikana ni ile ya Irambo mkoani Mbeya. Kanuni ya Adhabu nayo ina maneno yake juu ya mvulana wa miaka 18 au chini aliyetiwa hatiani kwa ubakaji: akiwa ni mkosaji wa mara ya kwanza, adhabu ni viboko tu. Tofauti ya maneno chini ya miaka 18 na miaka 18 au chini inaonekana kama ya mwalimu wa sarufi, lakini kwa kijana aliyetimiza miaka 18 wiki iliyopita ni tofauti ya maisha. Hivyo umri wenyewe lazima uthibitishwe, kwa cheti cha kuzaliwa kikiwepo, au kwa ushahidi wa mzazi, ndugu au daktari, na unaohesabiwa kwa adhabu ya aina hii ni umri wa siku ya kosa, tusidanganywe na umri wa siku ya hukumu.

Suala la msichana mjamzito kubaki shuleni linaonyesha mlango wa tatu. Kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002 zinaruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili au kwa kuingia katika ndoa. Hazikutaja mimba, lakini kwa miaka mingi mimba ilisomwa kuwa kosa la maadili na wasichana wakaondolewa. Juni 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba hawatarudi shule za Serikali. Tarehe 24 Novemba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, wataruhusiwa kurudi, na waraka wa elimu ukatolewa. Wengi walisema sheria imebadilika. Kwa kweli sheria haikubadilika. Zuio la awali halikuandikwa sheriani kwa maneno hayo, na ruhusa mpya imo katika waraka, ambao ni maelekezo ya wizara kwa watendaji wake. Waraka una faida ya kufika shuleni haraka, na una udhaifu wa kuweza kuondolewa kwa waraka mwingine bila Bunge kuulizwa. Mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu wa Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto, inayosimamia Mkataba wa Afrika ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2003, iliamua kwamba kuwapima na kuwafukuza wasichana wajawazito kulikiuka haki zao na ikaitaka nchi ibadilishe kanuni na mwenendo wake. Uamuzi kama huo unaifunga Serikali mbele ya mataifa wenzake, lakini mwalimu mkuu hawezi kuutumia kama kifungu mpaka uingizwe katika sheria za ndani. Mzazi anayemrudisha binti shuleni leo afanye hivyo kwa waraka, akiwa na nakala yake mkononi, na asiamini kwamba kuna kifungu cha Sheria ya Elimu kinachosema hivyo.

Viboko vya shuleni viko katika hali inayofanana. Kanuni zinazotumika zinaweka ukomo wa viboko vinne kwa kosa, vikichapwa na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na adhabu iandikwe kwenye kitabu. Mwalimu wa zamu anayetembea na fimbo asubuhi na kumchapa kila aliyechelewa hana kanuni inayomlinda, hata kama shule nzima inaamini anayo.

Kuna mambo mengine ambayo yanahitaji maneno machache tu. Katika kazi, hakuna ruhusa ya kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Kuanzia 14 anaweza kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kwenda shule, na mgodini, kiwandani au melini penye mazingira ya hatari mstari ni 18. Katika jinai, aliye chini ya miaka 10 hawajibiki, na aliye kati ya 10 na 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alielewa ubaya wa alichofanya. Katika malezi wazazi wanapotengana, ile kauli ya mitaani kwamba mtoto akifika miaka 7 ni wa baba haimo sheriani. Kilichomo katika Sheria ya Ndoa ni dhana tu kwamba ni vema mtoto aliye chini ya miaka 7 akae na mama, dhana ambayo inaweza kukanushwa kwa ushahidi, na baada ya miaka hiyo hakuna anayekabidhiwa mtoto kwa siku ya kuzaliwa; mahakama huangalia maslahi ya mtoto mwenyewe.

Ushahidi wa mtoto unahitaji maelezo zaidi kidogo, kwa sababu ni badiliko lililopita kimya na kugusa kesi nyingi za ukatili. Zamani hakimu aliyeletewa shahidi asiyezidi miaka 14 alipaswa kumhoji kwanza ili ajiridhishe kama ana akili ya kutosha na anaelewa wajibu wa kusema kweli, na asipoandika mahojiano hayo sawasawa, rufaa iliweza kuuondoa ushahidi wote. Marekebisho ya kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016 yaliondoa mahojiano hayo: mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi kabla ya kuanza aahidi kusema ukweli na si uongo. Lilikusudiwa kurahisisha, na limerahisisha, lakini ahadi hiyo isiporekodiwa huzaa rufaa za namna mpya. Mzazi wa mtoto aliyedhulumiwa hawezi kumfundisha hakimu kazi, ila anaweza kumuuliza mwendesha mashtaka kabla ya siku hiyo kama ahadi ya mtoto itachukuliwa kwa maneno yake mwenyewe.

Yote niliyoyasema hayavuki bahari. Sheria ya Mtoto ya 2009 na Sheria ya Ndoa ya 1971 ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011, ambayo mwaka 2015 ilipata tuzo ya dhahabu ya sera bora za haki za mtoto kutoka baraza la kimataifa la World Future Council, na kwa Waislamu mambo ya ndoa na talaka yanakwenda Mahakama ya Kadhi. Anayehama na mtoto kutoka Tanga kwenda Pemba amehama pia kutoka mfumo mmoja wa sheria kwenda mwingine, ingawa bendera ni ileile.

Namna ya kufuatilia

Kwa asiye mwanasheria, kazi inawezekana akizoea kuuliza maswali machache kwa mpangilio. La kwanza ni nani aliyesema: Bunge, mahakama, waziri au mtu kwenye jukwaa. Kauli ya jukwaani, hata ya kiongozi mkubwa, haifuti kifungu. La pili ni lini ilianza kutumika. Muswada uliosomwa Bungeni si sheria. Uliopitishwa nao unahitaji kusainiwa na Rais. Na kwa kawaida sheria huanza siku inapochapishwa katika Gazeti la Serikali, isipokuwa yenyewe imetaja siku nyingine au imemwachia waziri aitangaze. Kati ya picha ya wabunge wakigonga meza na siku sheria inapoanza kufanya kazi miezi inaweza kupita, na katika miezi hiyo tovuti na vikundi vya simu hujaa maelezo ya sheria ambayo bado haipo. La tatu ni kama badiliko linarudi nyuma. Katika makosa ya jinai Katiba inakataza mtu kuadhibiwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa alipolitenda, wala kupewa adhabu kali kuliko iliyokuwapo siku hiyo. Kwa hiyo adhabu mpya ya mwaka huu haimpati aliyetenda mwaka juzi.

Nyaraka zenyewe hazijafichwa kama ilivyokuwa zamani, mtu alipolazimika kwenda kwa Mpiga Chapa wa Serikali na kurudi mikono mitupu. Miswada iko kwenye tovuti ya Bunge, na hukumu na sheria ziko TanzLII, mkusanyo wa mtandaoni wa Mahakama ambao husomwa bila malipo. Lugha ilikuwa kikwazo kikubwa zaidi. Marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na tafsiri za sheria za zamani zimekuwa zikitolewa, lakini hukumu nyingi utakazozisoma bado ni za Kiingereza. Penye ugumu wa namna hiyo msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 atakuelekeza bila malipo, na kwenye kituo cha polisi kuna dawati la jinsia na watoto.

Umebaki mlango wa nne. Tarehe 23 Aprili 2025 Rais Samia alizindua sheria zote zilizofanyiwa urekebu, toleo la mwaka 2023, zilizoanza kutumika Julai 1, 2025. Toleo kamili lililotangulia lilikuwa la mwaka 2002, na katikati hapo marekebisho yalikuwa yakisomwa katika vijitabu vilivyotapakaa. Urekebu haubadilishi maana ya sheria, ila unaweza kubadilisha namba: kifungu kilichochomekwa katikati kwa herufi, kama kile cha 60A, kinaweza kupangwa upya kwa namba yake kamili na kusogeza vinavyofuata. Namba nilizozitaja katika makala hii ni zile zilizozoeleka katika hukumu na vitabu vya kabla ya toleo hilo. Bango lililobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata miaka sita iliyopita litakuwa na namba hizohizo, na kilicho sahihi ni kusoma pia kichwa cha habari cha kifungu, halafu kufungua toleo jipya na kukitafuta kwa jina lake.